Peugeot 504 ya 1979 imepauka rangi: nipige rabingi au nikwangue nipake upya?

Mwana wa Forest (Mbeya)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua rangi za magari ya zamani.

Gari ni Peugeot 504 saluni ya mwaka 1979, bluu ya kiwandani. Ni fenda ya mbele kulia tu iliyowahi kupakwa upya. Boneti, paa na buti vimepauka. Ukipitisha kidole kinatoka na unga wa bluu kama chaki. Ubavuni bado kunang'aa kidogo. Chini ya mlango wa nyuma kushoto kuna malengelenge matatu, kubwa lina upana wa sarafu ya shilingi 200. Kwenye boneti kuna doa la kinyesi cha ndege ambalo limeshakuwa kovu, halitoki kwa maji wala sabuni.

Linalala nje chini ya mparachichi, na usiku linafunikwa turubai la nailoni. Linaoshwa kila Jumamosi kwa sabuni ya unga, kisha linapitishwa kitambaa chenye dizeli ili ling'ae. Siku lisipofunikwa, asubuhi umande unafutwa kwa tambara kavu.

Fundi mmoja anataka kukwangua mpaka bati na kupaka rangi mpya yenye klia (tabaka angavu la juu lisilo na rangi). Mwingine anasema siku moja ya rabingi kwa mashine, yaani kusugua rangi kwa dawa ya kukwaruza, inatosha. Mimi ningependa rangi ya asili ibaki kama inawezekana. Nianzie wapi?

---

Bodi na Rangi (Iringa)

Mkuu, usikwangue. Huo unga wa bluu kidoleni unaonyesha kwamba rangi yako ni ya tabaka moja, haina klia. Rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Kilichotokea ni kwamba jua limeua gundi inayoshikilia chembe za rangi, basi zile za juu zimebaki hazishikwi na kitu, ndiyo maana zinatoka na kidole. Chini yake rangi bado ni nzima. Ingekuwa klia imekufa ungeona mabaka meupe yanayobanduka kama ngozi iliyoungua, na hapo hakuna polishi inayoponya.

Hakikisha kwanza. Chukua kitambaa cheupe, tia tone la polishi, sugua mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikigeuka bluu, ni tabaka moja. Kikibaki cheupe au kijivu, kuna klia. Jaribu na ile fenda iliyopakwa, maana inaweza kuwa na klia wakati gari zima halina, na fenda hiyo haihitaji hatua ya mafuta nitakayoieleza.

Watu wa Mbeya mnadanganywa na baridi. Mji upo kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inayochoma rangi inavyozidi. Hata siku usiyotoa jasho, boneti linaungua.

Sasa kuhusu yule fundi wa siku moja. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha na praima (rangi ya kwanza iliyo chini), kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, na ya juu unayoiona ni sehemu tu ya hizo. Kila rabingi inakula kidogo na hairudishi. Mashine ya kuzunguka yenye pedi ya sufi, ikiendeshwa kasi kwenye rangi iliyokauka, inafika kwenye praima ndani ya sekunde chache, hasa kwenye kingo na mikunjo ya boneti. Huko rangi ni nyembamba tangu siku ilipopulizwa, kwa sababu rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye kona kali. Gari lako lina rangi ya kutosha kwa kazi moja nzuri. Usimpe mtu anayehesabu saa.

Ukienda kwa utaratibu huu itarudi.

Osha kwa sabuni ya maji ya vyombo, mara hii moja tu, ili kutoa utando wa dizeli. Kausha. Kisha vaa mfuko mwepesi wa mkate mkononi na upapase boneti taratibu: utasikia chembechembe ambazo vidole vitupu havizisikii. Hizo zinatolewa na udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kama kipande cha sabuni. Ukande mpaka ulainike, lowesha bati kwa maji yenye shampuu kidogo, telezesha bila kukandamiza, kipande cha sentimita 50 kwa 50 kila mara. Kunja udongo kila unapochafuka. Ukianguka chini, tupa, hata kama ni mpya. Mchanga ulioshika hautoki.

Hatua inayorukwa na wengi ni ya kuilisha rangi mafuta kabla ya kuikwaruza. Tumia glezi yenye mafuta mengi isiyokwaruza, Meguiar's No. 7 inajulikana kwa kazi hii. Paka kwa wingi kwa kitambaa cha taulo, sugua kwa nguvu ya wastani mpaka uone bluu imeiva, halafu iache usiku mzima, hata saa 24. Kesho yake itakuwa imeganda na kunata, na baridi ya huko inazidisha. Usiifute kavu: paka nyingine kidogo juu yake iilainishe, ndipo ufute. Paa na boneti rudia mara mbili. Rangi iliyokunywa mafuta inapopigwa polishi inatoa kidogo kidogo. Iliyo kavu inabomoka.

Ndipo polishi. Ziba kwa maskingi tepu kingo zote, mikunjo, kromu na mipira ya vioo. Anza na polishi laini kuliko zote, ijaribu mahali pamoja, na uongeze ukali pale tu inaposhindwa. Kwa mkono inawezekana ingawa utachoka. Mashine inayozunguka huku ikiyumba ni salama zaidi kwa asiye fundi. Weka kasi ya kati, matone manne kwenye sponji, sentimita 50 kwa 50, pita mara nne hadi sita kwa mwendo wa polepole. Baada ya kila kipande safisha sponji kwa brashi, kwa sababu rangi iliyokufa huijaza na kuifanya ikwaruze. Fanya kivulini, bati likiwa baridi ukiligusa kwa mgongo wa mkono.

Mng'ao ukirudi, acha. Usikimbizane na kila mkwaruzo. Na ukiona rangi ya praima inaanza kuchungulia, hata kwa upana wa punje ya mchele, toa mkono hapo.

Kovu la ndege: pitisha ukucha. Usiponasa, polishi italipunguza. Ukinasa, liko ndani, na kulitoa kabisa kunahitaji msasa wa maji namba 3000 uliolowekwa nusu saa. Kwenye boneti lililopauka hivyo nisingefanya. Bora kovu hafifu kuliko tundu la praima.

Malizia na nta ya kanauba. Paka nyembamba, isubiri ifanye ukungu, pitisha kidole. Ikitoka safi, futa. Kwenye paa na boneti irudie kila baada ya miezi miwili, na kiangazi cha Agosti hadi Oktoba kila wiki sita.

---

Mpuliza Rangi (Makambako)

Nakubaliana na aliyetangulia. Mimi niongelee malengelenge, maana hayo hayangoji.

Malengelenge ya chini ya mlango hayakuanzia nje. Kila mlango wa gari unaingiza maji kupitia mpira wa kioo, ndivyo ulivyotengenezwa, na yanatakiwa kutokea kwenye vitundu vya chini. Vumbi na majani yakiziba vitundu hivyo, maji yanakaa humo na bati linaliwa kutoka ndani. Unapoona lengelenge nje, ndani pameshaharibika zaidi. Na majani ya mparachichi kwenye gari lako nina hakika yamo.

Fungua ubao wa ndani wa mlango, piga tochi. Zibua vitundu kwa waya, usitumie drili, utaviacha na kingo za bati tupu. Halafu bonyeza lengelenge kwa ncha ya bisibisi. Likibonyea na kutoboka, hapo ni kukata na kuchomelea kipande, na asije mtu akakujazia pati (kijazio cha kusawazisha bati) juu ya tundu: itadumu masika moja. Bati likiwa gumu, endelea hivi.

Kwangua kwa msasa mpaka bati jeupe, uvuke ukingo wa kutu kwa sentimita 5 kila upande. Vishimo vyeusi vilivyobaki paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, fuata muda wa kwenye chupa, safisha na ukaushe kabisa. Kisha epoksi praima mikono miwili. Pati inakuja juu ya epoksi, kamwe si juu ya bati lenye kutu, kwa sababu pati inanyonya maji kama sponji. Kwa hiyo pia usiipige msasa wa maji. Piga mkavu, namba 80, halafu 180, halafu 320. Hadina ya pati (dawa ya kuigandisha) ni asilimia 2 hadi 3 tu ya uzito. Kuna mafundi wanaozidisha wakati wa baridi ili ikauke upesi. Hadina iliyozidi hupanda baadaye na kutoboza doa la manjano juu ya rangi mpya, na hapo unaanza upya kuanzia chini.

Baada ya pati, praima ya kujaza. Nyingi zinachanganywa sehemu nne kwa moja ya hadina, lakini soma kopo lako. Msasa wa maji 600 hadi 800, ndipo rangi. Dai rangi ya tabaka moja ya 2K (inayochanganywa na hadina), si ya chini na klia juu, ili izeeke sawa na wenzake. Na isiishie katikati ya mlango; iishie kwenye mkunjo wa bodi, macho hayaoni mpaka pale.

Kuhusu kupatanisha rangi nisikilize vizuri: piga polishi gari zima kwanza, ndipo upeleke sampuli dukani. Bluu iliyopauka ni nyeupe kuliko bluu halisi. Ukipeleka sampuli kabla, utachanganyiwa rangi ya chaki, na ukishapiga polishi mlango unakuwa na kiraka. Fungua kifuniko cha tangi la mafuta, kisafishe na kukipiga polishi kama sehemu nyingine, peleka hicho. Rangi ikichanganywa, ipulizwe kwanza kwenye kadi, ikauke, ndipo ulinganishe nje kwenye kivuli, si chini ya taa ya duka.

Hali ya hewa ya kwetu. Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi bati lina umande usiouona. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, bati lenyewe likiwa angalau nyuzi 15, na siku ya ukungu usipulize kabisa. Tina (kiyeyushio cha rangi) inapovukiza hupoza bati, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na rangi inatoka na utando mweupe kama maziwa.

Usalama. Rangi za mwaka 1979 zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo rangi ya zamani usiikwangue kavu: lowesha, na watoto wakae mbali. Ni pati tu inayopigwa msasa mkavu, nayo uvae barakoa. Hadina ya 2K ina kemikali ya isosayaneti, ambayo barakoa ya vumbi haizuii hata kidogo na ambayo huharibu mapafu bila kutoa harufu ya kukuonya. Fundi anayepuliza 2K anatakiwa avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Asiye nayo, usimwache apulize uani kwako.

---

Mwana wa Forest (Mbeya)

Asanteni sana wakuu, nimefanya majaribio. Kitambaa kimetoka bluu kote isipokuwa kwenye fenda ya kulia. Bisibisi haijatoboa. Vitundu vya mlango vilikuwa vimeziba vyote vitatu, limetoka tope jeusi.

Bado nauliza: uoshaji wenyewe, na turubai? Na dizeli nayo ina ubaya gani, mbona gari linang'aa?

---

Dada wa Rungwe (Tukuyu)

Kaka, katika yote uliyoyaandika, lililonishtua ni tambara kavu la asubuhi.

Kesho kabla hujafuta, inama uangalie boneti kwa pembeni jua linapochomoza. Kila tone la umande lina punje za vumbi katikati. Vumbi letu lina mchanga wa kwatzi, mgumu kuliko rangi na hata kuliko kioo. Ukipitisha tambara, kaza sikio: utasikia mkwaruzo mwembamba kama karatasi inayokunjwa. Huo ni msasa. Usiku washa tochi, ielekeze kwenye rangi, utaona mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Mingi imetoka humo kuliko barabarani. Umande uache ukauke wenyewe, au mwagia maji mengi. Ukiwa na haraka, futa vioo tu.

Dizeli inang'arisha kwa sababu inajaza nyufa za chaki kwa siku mbili. Hailindi chochote. Inanasa vumbi, kwa hiyo tambara linalofuata linakwaruza zaidi, na inavimbisha mipira ya vioo na milango. Mpira ukiharibika, maji yanaingia kwa wingi kwenye ule mlango wenye malengelenge. Sabuni ya unga nayo inaondoa nta yote, na punje zisizoyeyuka zinakwaruza.

Kuosha: ndoo mbili za lita 10, moja ya shampuu ya gari kwa kipimo cha kwenye chupa, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu. Chini ya ndoo ya kusuuzia weka chujio la plastiki, mchanga uzame chini yake usirudi. Kabla ya kugusa gari, lilowanishe kwa mpira dakika tano nzima, tope lilainike na kuanguka lenyewe. Anza paani, shuka, ubavu wa chini uwe wa mwisho. Magurudumu yawe na kitambaa chake. Kausha kwa taulo la maikrofaiba kwa kulilaza na kuliinua, usivute. Mashine ya presha ikae nusu mita au zaidi, na kwenye malengelenge isipite, itabandua rangi.

Turubai la nailoni liache. Mvuke wa ardhini unapanda usiku, unakwama chini yake, na rangi ya zamani inalowa mpaka asubuhi. Upepo ukilipiga, linasugua kingo. Kifuniko cha pamba kinachopumua kinafaa, nacho kwa gari safi na kavu tu. Bora kuliko vyote ni kibanda cha paa la bati kilicho wazi pembeni. Na ulitoe chini ya mparachichi: tunda linabonyeza paa, na popo wanaolifuata usiku wanaacha kinyesi kibaya kuliko cha ndege. Kikianguka, weka kitambaa chenye maji juu yake dakika tano, ndipo ukiinue. Kisikae mpaka jua la saa sita, kwa sababu rangi inalainika kwa joto na kujikunja kuzunguka uchafu.

Jambo moja sikubaliani na Bodi na Rangi. Kwa mvua zetu kanauba haifiki miezi miwili. Mimi ningempa silanti ya kisasa (kinga ya kiwandani inayopakwa badala ya nta), inakaa hata miezi sita.

---

Bodi na Rangi (Iringa)

Dada, kwa mvua za Rungwe una hoja, ila silanti inataka uso usio na mafuta ili ishike. Gari hili ndiyo kwanza limelishwa glezi, na silanti juu ya mafuta hayo itabanduka ndani ya wiki chache. Ukiyatoa mafuta kwa alkoholi, umerudisha ukavu tuliouhangaikia. Kanauba inakubali kukaa juu ya glezi. Kwa gari hili nabaki na kanauba, ipakwe mara nyingi zaidi masika. Kwenye ile fenda yenye klia, silanti yako inafaa kabisa.

---

Landrova 109 (Njombe)

Kwa wenye Land Rover Series wanaosoma hapa, msichukue hatua za mlango kama zilivyo. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, haipati kutu nyekundu, ila ina maradhi yake: pale aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye bolti, bawaba na fremu za milango, unyevu ukiingia aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unaona unga mweupe unaoinua rangi. Rangi ya kawaida haishiki aluminiamu tupu. Kwaruza kwa pedi nyekundu ya nailoni, si ya waya wa chuma kwani inaacha chembe zitakazoanza kutu, futa mafuta, kisha praima ya kung'ata ya asidi, mkono mmoja mwembamba. Angalia kopo kama epoksi uliyonayo inakubali kukaa juu yake, nyingi hazikubali. Unaporudisha bolti weka washa ya nailoni katikati.

---

Mpuliza Rangi (Makambako)

Mwana wa Forest, nilisahau mawili. Mlango ukishapakwa, usipake nta wala silanti siku 30 za mwanzo, na kwa baridi ya huko ngoja 60. Tina iliyobaki ndani inahitaji kutoka. Maji na shampuu laini inatosha. Na ndani ya mlango, kabla ya kurudisha ubao, puliza nta ya mashimo ya bodi kwenye mshono wa chini, kisha pitisha waya tena kwenye vile vitundu vitatu, maana nta yenyewe inaviziba. Usitumie oili chafu ya injini kama wengi wanavyofanya, inaharibu mpira wa kioo.

La pili, mafuta ya breki. Yanakula rangi ya aina yako ndani ya dakika. Fundi akiongeza mafuta, atandike kitambaa kilicholowa juu ya fenda, na karibu pawe na chupa ya maji. Yakidondoka, mwaga maji mengi hapo hapo. Asifute kwanza, atayasambaza.